Rudisheni God Hand sokoni

Mwezi mmoja ulitosha kuizika God Hand. Oktoba 2006 iliingia madukani Marekani. Tovuti ya IGN, ambayo wakati huo wanunuzi wengi waliisoma kwanza kabla ya kutoa pesa mfukoni, ikaipa alama 3 kati ya 10. Kabla mwezi haujaisha, kampuni ya Capcom ya Japani ilitangaza kwamba Clover Studio, kundi la Osaka lililoitengeneza, linavunjwa. Leo anayetaka kuicheza kihalali ana njia mbili: atafute diski kuukuu ya PlayStation 2, au awashe PlayStation 3 na kuinunua katika duka lake la mtandaoni, ilikowekwa mwaka 2011. Duka lenyewe liliponea chupuchupu. Machi 2021 Sony ilitangaza kwamba italifunga, na ikabadili uamuzi mwezi uliofuata baada ya wateja kupiga kelele.

Huo ni uonevu, na haujaipata God Hand peke yake. Zipo gemu nyingi za ngumi na risasi za miaka ya PlayStation 2 na Xbox ya kwanza ambazo hazikuwa na bajeti za kutisha wala majina ya kujaza mabango barabarani, zikauzwa kidogo, zikasahauliwa na kampuni zilizozimiliki. Wanaozikumbuka na kutaka zirudi huambiwa wanalilia utoto wao. Madai hayo hayana haki. Mtu anaweza kukumbuka kwa upendo na bado akawa sahihi kuhusu ubora wa kitu anachokikumbuka, na God Hand ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote.

Aliyeiongoza ni Shinji Mikami. Mwaka 1996 alikuwa ameongoza Resident Evil ya kwanza, na mwaka 2005 akaja na Resident Evil 4, gemu iliyoiweka kamera nyuma ya bega la mhusika na kubadilisha namna gemu za risasi zinavyotengenezwa hadi leo. Mwaka uliofuata akaichukua kamera ileile na kuipeleka kwenye gemu ya ngumi na mateke. Wahakiki wengi hawakuielewa. Gene, kijana mwenye mkono wa nguvu za kimungu, anageuka polepole, haoni kilicho mgongoni kwake, na kamera haizunguki kama mchezaji anavyotaka. Kwa aliyezoea Devil May Cry, ambapo mhusika anaruka na kuteleza huku na huko, God Hand ilionekana gemu mbovu.

Lakini kijiti cha kulia cha padi, ambacho katika gemu nyingi huzungusha kamera, Mikami alikuwa amekipa kazi nyingine: kukwepa. Kikisukumwa mbele, Gene anainama na kuyumbisha kiwiliwili kama bondia aliyezingirwa kwenye kona ya ulingo. Kikivutwa nyuma anapiga sarakasi. Kikipelekwa pembeni anapisha pigo na kubaki palepale, tayari kurudisha. Baada ya saa chache mchezaji anatambua kwamba kamera ile iliyokaa karibu inamfanya ahesabu maadui, ajue yupi yuko mbele na yupi ametoka kwenye macho yake, na achague mahali pa kusimama kabla hajarusha ngumi ya kwanza. Ugumu wote wa gemu umejengwa juu ya uamuzi huo mmoja. Kuilaumu kamera ni kuilaumu gemu kwa kuwa na wazo.

Mapigo nayo mchezaji huyapanga mwenyewe. Yapo zaidi ya 100, mengine yanaokotwa njiani na mengine yananunuliwa, na kila mmoja huyaunganisha kwa mfuatano wake: ngumi fupi mbili, teke la kuvunja ulinzi, kiwiko, kisha pigo la kurusha mtu hewani. Watu wawili wakikaa na gemu hiyohiyo wiki moja, mitindo yao ya kupigana haitafanana.

Kisha kuna kile kipimo. Pembeni mwa skrini kimekaa kidude kidogo kinachosomeka Level 1, Level 2, Level 3, na juu kabisa Level Die. Mchezaji akipiga vizuri na kukwepa vizuri kinapanda, na maadui wanakuwa wakali, wajanja, wenye mapigo mazito. Akipigwa, kinashuka. Maadui walioangushwa kipimo kikiwa juu hulipa pesa zaidi mwisho wa hatua, kwa hiyo tamaa inamsukuma mchezaji kukaa kwenye hatari. Kuna hata mbinu ya Gene kupiga magoti kuomba radhi ili kipimo kishuke. Resident Evil 4 nayo ilikuwa ikipunguza na kuongeza ugumu kulingana na uwezo wa mchezaji, ila kwa siri. God Hand ilikitoa kitu hicho hadharani na kukigeuza kuwa mchezo wenyewe. Gemu chache sana, za zamani au za sasa, zimeshughulikia suala la ugumu kwa ujasiri na uaminifu wa namna hiyo.

Yote hayo yamefungwa ndani ya vichekesho vya ovyo vinavyopendeza: mieleka na sokwe, kasino ambamo mchezaji anaweza kuweka dau kwenye mbio za vijibwa vya chihuahua. Nani leo angeidhinisha bajeti ya kitu kama hicho?

Clover ilipovunjwa, vichwa vyake havikupotea. Mikami, Hideki Kamiya na Atsushi Inaba waliondoka na kuanzisha kampuni iliyokuja kuitwa PlatinumGames, iliyotoa Bayonetta mwaka 2009 na Vanquish, ya Mikami mwenyewe, mwaka 2010. Gemu nyingine ya Clover ya mwaka huohuo 2006, Okami, nayo iliuzwa kidogo licha ya sifa kubwa. Tofauti ni yaliyofuata. Okami ilihamishiwa Wii mwaka 2008, ikasafishwa na kutolewa tena PlayStation 3 mwaka 2012, ikaja kwenye PlayStation 4, Xbox One na kompyuta mwaka 2017, ikaingia Switch mwaka 2018, na Desemba 2024 ikatangaziwa muendelezo chini ya Kamiya. Studio moja, mwaka mmoja, mmiliki mmoja. Ile iliyopendwa na wahakiki imelelewa kwa karibu miaka 20. Ile iliyopewa 3 imeachwa kwenye mashine iliyokwisha kuzeeka. Alama moja ya mwaka 2006 bado inatoa hukumu.

God Hand ina wenzake wengi. Kampuni ya IO Interactive ya Copenhagen, inayojulikana kwa Hitman, ilitoa Freedom Fighters mwaka 2003. Hadithi yake inauliza ingekuwaje kama Muungano wa Kisovieti ungeivamia New York. Shujaa ni fundi bomba, Chris Stone, anayeishi na wenzake kwenye mifereji ya maji taka na kutoka usiku na mchana kuuteka tena mji mtaa kwa mtaa. Kila anapookoa watu au kuharibu ngome ya adui, sifa yake inaongezeka na wapiganaji zaidi wanakubali kumfuata, hadi 12. Amri ni tatu tu: nifuateni, shambulieni, lindeni hapa. Kwa vitufe vitatu mchezaji anaongoza kikosi kizima na kinamwelewa. Ramani nazo zimefungamana. Ukilipua uwanja wa helikopta mtaa mmoja, helikopta iliyokuwa ikikuwinda mtaa wa pili haitokei tena. Muziki wa Jesper Kyd, wenye kwaya nzito, unaifanya bendera inayopandishwa juu ya jengo lililotekwa isisimue kweli. Muendelezo haukuja. Angalau IO iliirudisha kwenye kompyuta mwaka 2020, na hilo wapewe pongezi.

Black, ya Criterion ya Guildford, Uingereza, ilitoka Februari 2006. Criterion ndio waliotengeneza Burnout, gemu ya magari yanayogongana, na uharibifu ule wakauleta kwenye bunduki: kuta zinameguka, vioo vinamwagika, matangi yanalipuka na kuangusha ghorofa. Katika sauti iliwashinda wote. Watengenezaji walizipa silaha za kwenye tukio moja sauti tofauti, kama kwaya inavyogawanywa, ili bunduki kumi zikilia kwa pamoja zisiwe kelele moja isiyo na umbo. Anayeicheza leo kwa spika nzuri atashangaa jinsi gemu nyingi za sasa zilivyo bubu ukizilinganisha nayo. Ni fupi, ina misheni 8, na inakwisha kabla haijachosha.

Ya nne ni Psi-Ops, ya kampuni ya Midway ya Marekani, Juni 2004. Mhusika wake anainua masanduku, mapipa na askari wenyewe kwa nguvu ya akili na kuwatupa ukutani. Mchezaji mjanja hupanda juu ya sanduku, akaliinua, na kupaa nalo. Miezi mitano baadaye Half-Life 2 ilikuja na bunduki yake ya kuvuta na kurusha vitu, ikasifiwa dunia nzima, na inastahili. Psi-Ops ilimalizika kwa ahadi kwamba hadithi itaendelea. Mwaka 2009 Midway ikafilisika, Warner Bros. ikanunua sehemu kubwa ya mali zake, Mortal Kombat ikaendelea kuzaa matoleo, na ile ahadi haikutimizwa.

Gemu hizi zina kitu kinachoziunganisha. Kila moja ilishika wazo moja, ikalikamua mpaka tone la mwisho, kisha ikamwachia mchezaji aende zake. Hazikumtaka arudi kila siku kuchukua zawadi, hazikumuuzia nguo za mhusika, hazikumjazia ramani alama 200 za kazi ndogondogo. Zilitengenezwa na vikundi vya ukubwa wa kati kwa fedha za kati, na tabaka hilo la gemu ndilo lililodhoofika zaidi pale gharama zilipopanda pamoja na ubora wa picha na kampuni kubwa zikaanza kuweka mayai yote kwenye majina machache makubwa. Ubunifu huo sasa unaonekana zaidi kwa watengenezaji wadogo wanaojitegemea. Wanafanya kazi nzuri, ingawa ni wachache kati yao wenye uwezo wa kuangusha ghorofa kwa mtindo wa Black.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuzipuuza gemu za aina hii, na inastahili kusimuliwa. Wengi hapa walikutana na PlayStation 2 kwenye vibanda vya mtaani, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Kampala, ambako mtu alilipa kwa mechi au kwa muda. Hesabu ya kibanda iliupendelea mpira. Mechi ya Winning Eleven au FIFA ina mwanzo na mwisho, inachezwa na wawili, na aliyeshindwa anampisha anayengoja kwenye benchi. Gemu yenye hadithi ya saa 10, inayodai memori kadi na utulivu, ilikuwa hasara kwa mwenye kibanda na ghali kwa mchezaji. Za ngumi zilizopata nafasi ni zile zilizokubali watu zaidi ya mmoja: Tekken, Def Jam: Fight for NY ya mwaka 2004 yenye mitindo mitano ya kupigana na wanamuziki wa rap waliojiigiza au kuigiza wababe, Snoop Dogg akiwa mkubwa wao, na Urban Reign ya Namco ya mwaka 2005.

Hiyo Urban Reign ingetosha makala yake peke yake. Nje haikusifiwa sana. Ina misheni 100 fupifupi, mtindo ambao wahakiki waliuona unachosha wakiicheza peke yao mfululizo. Ilipowekwa mbele ya watu wanaopokezana padi, misheni fupi ilikuwa kipimo sawasawa: unaingia, unapigana dakika mbili au tatu, unashinda au unampa mwenzako. Watu wanne wanaweza kupigana kwa wakati mmoja, wawili wakasaidiana kumkamata mmoja na kumpiga pigo la pamoja, na Paul Phoenix na Marshall Law wa Tekken wanaingia kama wageni. Alama ya mhakiki aliyekaa peke yake ofisini haikuweza kuliona hilo.

Ni kweli pia kwamba diski nyingi zilizofika kwenye vibanda hivyo zilikuwa za kunakiliwa, na mashine zimefunguliwa zikafanyiwa ufundi ili zizikubali. Watengenezaji hawakuona senti. Lakini haifai kulisema jambo hilo bila kusema na la pili: hadi leo milango ya kununua kihalali haijafunguliwa ipasavyo kwa watu wa hapa. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambamo akaunti ya PlayStation Network inaweza kufunguliwa. Wachezaji wengi hujiandikisha kana kwamba wanaishi Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa kuuzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyohudumiwa, na ndipo ulimwengu ukaona jinsi orodha ya walioachwa nje ilivyo ndefu. Sony ilirudi nyuma kuhusu sharti la akaunti. Orodha yenyewe haikufutwa.

Yupo atakayesema kumbukumbu hupamba. Ana hoja. Black ina sehemu chache mno za kuhifadhi ulipofika, na kurudia dakika 20 za vita kwa sababu ya risasi moja si raha. Picha za God Hand zilikuwa duni hata mwaka 2006, na mandhari zake nyingi ni uwanja mtupu na kuta za kahawia. Hadithi ya Psi-Ops ni ya filamu ya daraja la tatu. Anayezipenda gemu hizi hana haja ya kuyaficha hayo. Filamu za Bruce Lee nazo zina sauti zilizobandikwa vibaya, na hakuna anayetumia kasoro hiyo kueleza kwa nini zisionyeshwe tena.

Ubishi huo, hata hivyo, unaweza kuamuliwa tu na watu wenye uwezo wa kuzicheza, na hapo ndipo ilipo shida. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti wa gemu zaidi ya 4,000 zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010. Ilikuta kwamba asilimia 87 hazipatikani tena kwa njia ya kawaida ya kibiashara. Kwa Game Boy zinazopatikana hazikufika hata 6 kwa kila 100. Taasisi hiyo na wenzake waliomba maktaba ziruhusiwe kuwafungulia watafiti gemu hizo kwa mbali, bila kuwalazimisha kusafiri hadi kwenye jengo. Chama cha kampuni za gemu, ESA, kilipinga, na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa ombi. Kampuni haziuzi, na maktaba haziruhusiwi kuazimisha kwa mbali.

Kuchelewa nako kuna gharama. Konami ilipokuwa ikiandaa matoleo mapya ya Silent Hill 2 na 3, yaliyotoka mwaka 2012, ilibainika kwamba programu za mwisho za gemu hizo hazikuwa zimehifadhiwa. Watengenezaji walifanyia kazi nakala ambazo hazijakamilika, na matokeo yakajaa kasoro. Mikataba nayo inaoza. Def Jam: Fight for NY imebeba sura, sauti na nyimbo za wanamuziki kadhaa, na kila mwaka unaopita unaongeza idadi ya saini zinazopaswa kutafutwa upya.

Kuzirudisha gemu hizi kunawezekana, maana kumeshafanyika katika mazingira magumu zaidi. Stephen Kick alikuwa safarini Amerika ya Kati alipotaka kucheza tena System Shock 2 ya mwaka 1999 na kukuta haiuzwi popote. Moja ya studio zilizoitengeneza ilikuwa imekufa, na haki zilikuwa zimeishia kwa kampuni ya bima. Aliwaandikia watu wa bima, wakakubaliana, na mwaka 2013 gemu ikarudi sokoni kwenye kompyuta. Kutokana na barua hiyo ikazaliwa Nightdive Studios, kampuni ambayo kazi yake hasa ni kufufua gemu zilizoachwa.

Capcom haihitaji kumwandikia mtu yeyote. God Hand ni mali yake, haina timu za mpira wala wanamuziki wa kulipwa, na kampuni yenyewe imeonyesha kwamba inajua njia: mwaka 2024 iliruhusu Resident Evil za zamani kuuzwa upya kwenye duka la GOG, na Januari 2025 zikafuata Dino Crisis ya kwanza na ya pili. Ifanye hivyo kwa Gene. Kamera wasiiguse, Level Die wasiilainishe, wasafishe picha tu na kuongeza sehemu za kuhifadhi. Na waiuze mahali ambapo kijana wa Mbagala au Kayole anaweza kulipa kwa simu yake, kwa jina lake na nchi yake, bila kudanganya kwamba anaishi Johannesburg.